Macho Yetu ya Manjano Yamepata Jina

Shabab, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale nje ya jiko ukingoja uji, na goti limekubali kukufikisha shambani bila ugomvi. Na Mama je, kikohozi chake kiliisha au bado anakificha? Mahindi yameota yote au ndege wamekula mstari wa kwanza kama mwaka uliopita? Mimi huku Nakuru ni mzima. Sisemi hivyo kukutuliza tu. Nakula, nalala, na ngazi za kazini napanda bila kushika ukuta.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu na masikio yako vimetushinda. Kaka Wycliffe aliniambia kwamba ulisimama kanisani ukawaomba watu waniombee kwa sababu nimefanyiwa upasuaji wa macho. Nilicheka mpaka mshono ukanikumbusha nicheke polepole. Baba, macho yangu hayajaguswa. Yako palepale, na rangi ni ileile uliyonipa. Kilichopasuliwa ni tumbo, chanzo cha ugonjwa ni damu, na hiyo damu ni yako. Kwa hivyo vaa miwani, umwambie Mama naye asogee, niwaeleze kuanzia mwanzo.

Njoroge mnamjua kwa sauti tu. Ni yule seremala wa Elburgon aliyekuja hospitalini kwetu kutengeneza rafu za chumba cha faili, akamaliza kazi lakini akaendelea kupata sababu za kurudi. Mara rafu imelegea, mara amesahau futi yake ya kupimia. Chebet, mwenzangu tunayeketi meza moja, ndiye aliyechoka akamwambia, "Boss, rafu ni nzima. Sema kile unataka kusema." Akasema. Hayo mengine nilishawaambia.

Mwanzoni mwa mwaka huu alinipeleka kwao nikamwone mama yake. Mama Njoroge ni mjane. Analima viazi na njegere kule juu karibu na msitu wa Mau, mahali ambapo baridi inakuingia mifupani hata jua likiwaka. Alinipokea vizuri. Alipika mukimo wa viazi na njegere, akanipa kiti cha karibu na moto, akaniuliza habari zenu nyote. Lakini kila nilipoinua uso nilimkuta ananiangalia machoni. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama ile rangi. Wewe unaujua mtazamo huo, Baba, umeishi nao.

Wiki iliyofuata Njoroge alikuja mjini tukaketi kwenye hoteli moja karibu na soko, na hakuagiza hata chai. Nikamwambia aseme tu.

"Mama amekataa," akasema.

"Kwa sababu mimi ni Mluhya?"

"Hapana, hiyo hata hakuitaja. Amesema amezika macho kama yako."

Ndipo akanieleza habari za baba yake, ambazo alikuwa hajawahi kuniambia zote. Baba yake alikuwa mpasuaji mbao kwenye kiwanda cha mbao pale Elburgon, mtu wa nguvu na utani. Akaingia kwenye pombe, ile kali ya chang'aa. Macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, na Njoroge akiwa bado shule ya msingi wakamzika. Tangu hapo mama yake akiona mtu mwenye macho ya manjano anaona jeneza.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi najua hunywi. Lakini yule ni mama yangu, na alichokiona alikiona mwenyewe. Nipe muda nimwongeleshe."

Nililia nikifika nyumbani, siwezi kuficha. Lakini sikuweza kumkasirikia yule mama. Ingekuwa amenikataa kwa kiburi ningejua la kufanya. Alikuwa amenikataa kwa uchungu, na uchungu wa mtu huwezi kuupigia kelele. Nikakaa hivyo mwezi mzima nikienda kazini na kurudi. Mwishowe nikaona kwamba maneno ya kuambiwa na mwanawe hayatatosha. Jumamosi moja nikaenda Elburgon mwenyewe, bila kumwambia Njoroge.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Hakunifukuza. Alinisogezea kiti, nami nikachukua kisu kingine tukawa tunamenya pamoja.

"Mama," nikamwambia, "mimi sinywi. Hata baba yangu hanywi, na macho yake ni kama yangu, tena yamezidi."

Akaendelea kumenya. "Hata Baba Njoroge alikuwa hanywi," akasema. "Kila siku alikuwa ananiambia hanywi."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maneno mengi, na hilo moja likayamaliza yote. Tukamenya tu. Kisha nikaanza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Unakumbuka yale niliyokuwa nikiwaambia kuwa ni asidi? Ni hayo, lakini siku hiyo yalikuja kama mtu ameshika nyama ya ndani anaikamua kama nguo. Kisu kikaanguka. Nikatapika palepale kwenye sufuria ya maganda.

Mama Njoroge alinishika mabega akaniweka chini. Akainama karibu kabisa na mdomo wangu, na hata katika maumivu yale nilijua anatafuta nini. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Halafu akasimama akatoka mbio akiita jirani yake mwenye pikapu. Yule jirani alikuwa amepakia viazi vya kupeleka sokoni. Mama Njoroge mwenyewe alipanda nyuma akaanza kushusha magunia, na jirani alipouliza ni nani mgonjwa, nilimsikia akijibu, "Ni msichana wetu. Washa gari."

Kutoka Elburgon, tukapita Njoro, mpaka Nakuru, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Kila gari lilipoingia kwenye shimo alinifunika sikio kwa kiganja, sijui kwa nini sikio, lakini ilinisaidia.

Aliyenipokea hospitalini ni Daktari Akoth, mama mmoja mpole anayeongea polepole. Tunafahamiana kwa sababu kila siku napokea faili zake. Akanipiga picha ya tumbo, akaona mfuko wa nyongo umejaa mawe. Mawe kweli, Baba, madogo meusi.

"Nafula," akasema, "wewe ni mchanga kwa mawe kama haya. Haya macho umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu nijijue, daktari."

"Umeshapimwa ini?"

"Mara nyingi. Kila kliniki wanapima ini, wanapata ni zima, wananipa dawa ya malaria."

"Na kwenu nani mwingine ako na macho hivi?"

"Baba."

Akaacha kuandika. "Mpigie," akasema.

Hiyo ndiyo simu unayoikumbuka, ile ya watu wengi kuongea nyuma. Nilikuuliza kama umewahi kuumwa upande wa mbavu za kulia, ukaniambia, "Mbavu za mbuzi? Tulikula Krismasi." Daktari alisikia, akageukia dirishani mabega yakimtingishika. Nikarudia kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajua habari zetu. Ndipo ukasema, "Aa, hiyo? Hiyo nililazwa nayo nikiwa kiwandani. Walisema ini langu limeharibiwa na pombe. Niliwaambia sijawahi kuonja, wakaandika pombe." Nikakuuliza habari za kukhu, mama yako. Ukasema, "Mama alikuwa nayo pia. Watu walisema amerogwa." Daktari Akoth alikuwa ameegemea karibu anasikiliza, na uliposema hilo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata funguo zake. Baada ya hapo laini ikakatika, nawe ukabaki na maneno mawili tu uliyoyasikia, macho na upasuaji, ukayaunganisha.

Sasa ngoja nikueleze kazi yangu, maana hapa ndipo inapoingia. Ulipomsikia Wycliffe akisema naweka kodi kwa magonjwa, uliuliza kama serikali imeanza kutoza ushuru hata homa. Sio kodi hiyo, Baba, ni ile "code" ya Kiingereza. Kila ugonjwa una namba yake, na namba hiyo ni moja dunia nzima. Daktari akishaandika ugonjwa kwenye faili, mimi na Chebet tunasoma alichoandika tunaupa namba, ili daktari mwingine akifungua, awe Nakuru au Busia, ajue bila kubahatisha, na wizara nayo ijue watu wanaugua nini ipeleke dawa gani wapi. Sisi haturuhusiwi kukisia. Upungufu wa damu peke yake una namba nyingi sana. Kuna wa kukosa madini ya chuma, kuna wa selimundu, kuna wa kutokwa na damu, kuna wa damu kuvunjika yenyewe. Daktari akiandika tu "upungufu wa damu" akaishia hapo, sisi tunabaki na namba moja tu, ya upungufu usiojulikana ni wa aina gani. Kwa hivyo tunabeba faili tunamfuata, tunamuuliza. Ni kazi ya kila siku, na madaktari wameizoea.

Faili yangu mwenyewe sikuruhusiwa kuigusa. Iliangukia Chebet. Siku ya pili alikuja wodini na thamosi ya chai mkono mmoja na faili mkono wa pili, akamkuta Daktari Akoth kitandani kwangu.

"Daktari," akasema, "hapa umeandika upungufu wa damu, macho ya manjano, na mawe ya nyongo. Huo upungufu ni wa aina gani? Nikiuacha hivi, rafiki yangu ataingia kwa wasiojulikana."

Daktari akacheka. "Usimwingize huko bado. Nangoja Salim amalize. Nataka niandike mara moja, niandike sawa."

Salim ni mtaalamu wa maabara. Mzaliwa wa Bondeni, babu yake alikuja kutoka Mombasa na kazi ya reli akabaki. Ni mtu wa kujibu kwa neno moja, lakini mpe damu kwenye kioo utamsikia anaongea. Alikuwa ameipaka damu yangu kwenye kioo, akaiangalia kwa darubini, na kulikuwa na kitu alichokiona tangu siku ya kwanza. Hakutaka kukisema mpaka afanye vipimo viwili vingine. Cha kwanza, aliziweka chembe zangu kwenye maji ya chumvi, akawa anapunguza chumvi kidogo kidogo aone zitapasuka wapi. Zangu zilipasuka mapema kuliko za watu wengine. Cha pili kilikuwa cha kujua kama mwili wangu wenyewe ndio unaoishambulia damu. Jibu likawa hapana. Mwili hauna ugomvi na damu yake. Damu ndiyo ilizaliwa na umbo lake.

Jioni hiyo Daktari Akoth akarudi, na wakati huo Mama Njoroge alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Nilisahau kukwambia kwamba hakurudi Elburgon. Njoroge alikuja akamwambia arudi nyumbani apumzike, kuku wako peke yao. Akamjibu, "Kuku wana mabawa. Wewe nenda ukawafungie." Akabaki. Alilala kwa dada ya Chebet pale Pipeline, na kila asubuhi alikuwa anafika kabla chai ya wodi haijaletwa.

Daktari akaniuliza kama anaweza kuongea mama akiwepo. Nikasema anaweza, na moyo ulikuwa unanipiga kama siku ya kungoja matokeo ya mtihani wa darasa la nane.

"Chembe nyekundu za damu," daktari akasema, "kawaida zimebonyea katikati. Ndiyo sababu zinaweza kujikunja zikapita kwenye mishipa myembamba. Zako, Nafula, ni duara kama mpira. Haziwezi kujikunja. Zikifika kwenye bandama zinakwama zinavunjwa kabla ya wakati wake. Zikivunjika zinaacha rangi ya manjano. Hiyo rangi ndiyo iko kwa macho, na hiyo hiyo ndiyo imegandamana ikawa mawe. Umerithi kwa baba yako, naye kwa mama yake."

Mama Njoroge alikuwa amekaza leso mikononi. "Daktari," akasema, "pombe haifanyi hivi?"

"Hii, hapana. Hata mtu asipoonja pombe maisha yake yote, akizaliwa nayo anayo."

"Na ini yake?"

"Ini lake ni zima kabisa."

Kisha mama akauliza swali ambalo, Baba, nitalikumbuka nikiwa mzee. Aliuliza kwa sauti ya chini, isiyo yake ya kila siku, "Na mtu mwingine, aliyekufa zamani, naye angekuwa na hii? Macho yalikuwa hivi hivi."

Daktari Akoth akavuta kiti akakaa mbele yake. Akamuuliza pole pole, macho yalianza lini, tumbo lilikuwaje, alikuwa anatapika nini. Mama akajibu yote. Daktari akamshika mkono. "Mama, siwezi kusema kitu sijapima. Lakini kwa vile umenieleza, ule ulikuwa ugonjwa mwingine."

"Sawa," mama akasema. "Nilitaka tu kuuliza."

Akapangusa uso na leso. Halafu akanigeukia akanirekebishia blanketi begani, ingawa lilikuwa halijatoka mahali pake.

Kesho yake Salim alipita wodini, akasikia mama akiniuliza hizo duara ziko namna gani. Akaniomba ruhusa, nikampa, akatuchukua sote wawili mpaka maabara, mimi nikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Akamwekea mama vioo viwili, kimoja cha damu yake mwenyewe Salim na kingine cha yangu. Mama alichukua muda kujua kufumba jicho moja. Alipoiona damu ya Salim akasema, "Hizi ni kama mandazi mtu amebonyeza na kidole." Alipoiona yangu akaangalia, akaangalia, mpaka Salim akamuuliza kama anaona.

"Naona," akasema. "Ni kama njegere." Akainua kichwa akaniangalia machoni, na mara hii alinitazama mimi. "Umejaza njegere mwilini, na mimi nauza njegere. Tutaelewana."

Salim, ambaye hacheki, alicheka mpaka akavua miwani.

Daktari akaandika ugonjwa kwa jina lake lote, aina yake, na kwamba ni wa kurithi. Chebet akaupa namba yake palepale akiwa amesimama, akarudi kuniambia, "Umetoka kwa wasiojulikana, dada. Uko na anwani." Ofisini walileta keki. Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimeyapa namba magonjwa ya watu wengi, na sikujua kuwa namba inaweza kumfanya mtu aimbe. Mimi niliimba, Baba, nikiwa nimelala chali na sindano mkononi, hadi nesi akaniambia nipunguze.

Siku chache baadaye wakautoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, si kwa kisu kirefu mnachokiogopa. Bandama wameiacha, daktari anasema damu yangu haijapungua kiasi cha kuitoa. Ninameza kidonge kimoja kidogo cha vitamini ya kusaidia mwili kutengeneza damu, na ninakula mboga, jambo ambalo Mama atafurahi kusikia kwa kuwa alilianza yeye. Maumivu yamekwisha. Mpaka sasa nikimaliza kula bado nangoja yaje, na hayaji.

Sasa nataka niongee juu yako.

Nilikuwa nikija Nakuru likizo ukiwa bado kwenye kile kiwanda cha blanketi, tunakaa Kaptembwo kwenye kile chumba kimoja, na nilikuwa nakuletea chakula cha mchana langoni. Zaidi ya mara moja nilikuona umesimama pembeni, msimamizi amekuwekea pua mdomoni anakunusa mbele ya wenzako wote. Wewe ulikuwa unasimama tu, mikono nyuma, kisha unaingia kazini. Nyumbani hukuwahi kulisema. Na kanisani kila walipochagua wazee wa kanisa walikuruka, na Mama akawa anakunja uso njia yote ya kurudi, nawe unamwambia aangalie mahindi ya watu yalivyopendeza. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa naona.

Baba, wewe hukuwa unanywa. Sisi tuliokuzunguka nyumbani, nikimaanisha Mama na kukhu na sisi watoto wako, tulijua siku zote. Lakini sasa limejulikana hata na darubini. Nimefunga humu karatasi ambayo Daktari Akoth ameandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, na maneno machache kwa daktari yeyote atakayeisoma. Sikutumii ili uende nayo kwa watu ukijitetea. Ukipenda kumwonyesha mchungaji, mwonyeshe. Usipopenda, iache kwenye Biblia. Lakini kwa hospitali ya Busia lazima uende nayo, tena mwezi huu. Waipime damu yako, wakupige picha ya tumbo waone kama una mawe kama yangu, na safari hii waandike kitu cha kweli. Wycliffe amesema atakupeleka kwa pikipiki. Mwambie aendeshe polepole.

Na Wycliffe mwenyewe, mwambie amchukue na binti yake Nanjala. Nimemwona kwenye picha za Pasaka. Macho yake ni yetu. Si jambo la kumwogopesha mtoto, ni kujua mapema tu, ili asikue akipewa dawa ya malaria kila akichoka, na mwalimu asimwite mvivu.

Njoroge amenitengenezea kitanda cha mbao ya saipresi, kimejaza nusu ya chumba changu, nalala juu yake kama chifu. Anasema ni cha mgonjwa. Nimemwambia mgonjwa amepona, akasema basi ni cha mke. Mama yake ndiye aliyetaka tupange siku. Wanataka kuja kwetu huko Nambale mwezi wa nane, yeye na wazee watatu wa ukoo wao. Amesema anataka kukaa karibu na wewe. Hajui kusikiliza kwa sauti ndogo wala kuongea kwa sauti ndogo, kwa hiyo mtasikilizana vizuri sana.

Kabla hajarudi Elburgon kuna jambo moja nililoona ni lazima nimwambie mwenyewe, asije akalisikia kwa mtu mwingine baada ya arusi. Nilimwambia tukiwa tumeketi nje ya nyumba yangu, anachambua sukuma wiki ya kwenda nayo.

"Mama, daktari amesema watoto wetu wanaweza kuirithi. Kila mtoto anaweza kuzaliwa nayo au asizaliwe nayo, na hakuna wa kuchagua. Wajukuu wako wanaweza kuwa na macho haya."

Akafunga sukuma kwa ukindu, akakata ncha kwa meno.

"Basi," akasema, "hata wakipotea sokoni siku ya soko, nitawajua ni wangu."

Baba, nimeshindwa kuandika vizuri baada ya hapo, na uniwie radhi kwa mwandiko wa mistari hii.

Nisalimie Mama, umwambie nimevaa sweta yake na imenitosha. Nisalimie Wycliffe kaka yangu na mkewe, na Nanjala wetu. Senge Rosa, dada yako, mwambie simu yake huita bila kupokelewa. Jirani yetu Mzee Okumu anayekusomea magazeti, ikiwa ndiye anakusomea na hii, namsalimia pia, na namwomba asome sehemu ya kiwandani polepole.

Naweka kalamu chini nikiwa na afya na furaha,

Binti yako mwenye macho yako,

Nafula